Tulivyochujwa Kuwa Wazee wa Korti

Barua ya kuniita kortini ililetwa shuleni na askari wa chifu, siku ya Jumatano, nikiwa nasahihisha insha za darasa la sita. Askari alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti kama mimi ndiye mwalimu fulani, na watoto wote wakageuka kunitazama. Nilipoona muhuri wa Korti Kuu juu ya bahasha, niliacha kalamu juu ya daftari lililo wazi. Nilimpelekea mwalimu mkuu ofisini kwake kabla sijaifungua.

"Mwalimu, umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijafanya kitu."

Tuliifungua pamoja. Haikuwa ya mashtaka. Ilisema nifike kortini Jumatatu saa mbili asubuhi, nikiwa na kitambulisho, ili nichunguzwe kama ninafaa kukaa na jaji katika kesi ya mauaji. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, kisha akacheka peke yake. Alikumbuka kwamba miezi mingi nyuma chifu alizunguka kwenye shule, makanisa na vyama vya ushirika akiomba majina ya watu wenye tabia njema wanaosikia Kiswahili vizuri. Jina langu alilitoa yeye mwenyewe, akasahau.

Siku hizi nikiwaeleza vijana jambo hili hawaniamini. Wanajua korti kama mahali pa jaji na mawakili tu. Lakini wakati ule, mtu akishtakiwa kuua, jaji hakukaa peke yake. Raia watatu wa kawaida walikaa naye, wakasikiliza ushahidi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja akasema mbele ya watu kama kwa maoni yake mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuwafuata, lakini ilibidi awasikilize. Karani wa korti alituita asesa. Mtaani watu walisema wazee wa korti, hata kama wewe ulikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, kama mimi.

Nilikuwa naishi mtaa wa Rhonda, Nakuru, nyumba ya vyumba viwili ya mabati, na shule yangu ilikuwa karibu na Kaptembwo. Jumapili jioni nilipiga pasi sketi ya kijivu na blauzi nyeupe. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mablanketi, alinitazama nikifanya hivyo akaniambia, "Hata kwa harusi yetu hukupiga pasi hivyo." Hakuwa na neno baya. Nadhani aliniogopea kidogo.

Nakuru ya wakati ule haikuwa jiji. Ilikuwa mji wenye barabara pana, na Oktoba ikifika, mijakaranda ilimwaga maua ya zambarau mpaka ukaona haya kuyakanyaga. Upepo ukitoka upande wa viwandani ulileta harufu ya pareto iliyokaushwa, harufu kavu iliyokaa puani siku nzima. Nilitembea kutoka Rhonda hadi kortini asubuhi ile, na ningali nauona ule mwendo: wanawake wakifagia mbele ya maduka, moshi wa chai, wafanyakazi wa viwanda wakipita kwa vikundi, na mimi katikati nikiwa na bahasha kama mtoto anayepeleka barua ya mwalimu nyumbani.

Tulikuwa tisa kwenye benchi la korido. Karani, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitupanga kwa zamu ya kufika. Kulia kwangu alikaa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa koti la bluu-nyeusi lenye alama mbili za vifungo vilivyong'olewa. Aliniambia ni koti la reli. Alikuwa ametumikia reli tangu ujana, kwanza akitia makaa kwenye injini, baadaye akiwa mtu wa kubadilisha njia za treni pale stesheni. Kwao ni Kakamega, lakini Kakamega alikuwa akienda kwa mazishi tu. Kushoto kwangu alikaa mama mwenye leso ya kichwa ya kijani na viatu vya raba vilivyosafishwa kwa chaki. Huyo alitoka Subukia. Alikuwa na kahawa, mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa, na chama chake cha kahawa ndicho kilichotoa jina lake.

"Mwalimu," mzee wa reli aliniambia baada ya kujua kazi yangu, "hawa watu wataniuliza nini?"

"Sijui, mzee. Labda kama tunajua kusoma."

"Kusoma najua. Ninaogopa wataniuliza umri." Akainama karibu. "Waliopita sitini wanarudishwa nyumbani. Mimi ni hamsini na nane. Lakini nywele zinasema mengine."

Mama wa Subukia alisikia akacheka chinichini. "Vua kofia wakuone vizuri, mzee. Ukificha ndiyo watashuku."

Uchujaji wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilifanywa na karani pale pale koridoni. Aliangalia kitambulisho, akauliza umri, kazi, mahali pa kuishi, na kama mtu amewahi kufungwa. Mzee wa reli alitoa kitambulisho kabla hajaombwa. Kisha karani alimsomea kila mmoja wetu habari fupi kwa Kiswahili, kuhusu mtu aliyepotelewa na mbuzi na majirani waliotoa ushahidi unaopingana, akataka tumweleze kwa maneno yetu wenyewe kile tulichosikia. Ilikuwa kama somo la ufahamu, na mimi nilijisikia vizuri kwa sababu hilo ndilo somo ninalofundisha. Kumbe ugumu haukuwa Kiswahili. Mtu mmoja aliulizwa majirani walisema nini, akajibu, "Mbuzi aliibwa na jirani wa pili." Karani akamwambia kwamba habari haikusema hivyo. "Lakini ni wazi," yule mtu akasisitiza. Karani aliandika kitu, akamshukuru kwa kuja, akamruhusu aende.

Mchungaji mmoja wa kanisa naye aliachiliwa, kwa sababu sheria haikutaka watu wa kazi hiyo. Mzee mmoja aliyepita sitini alibishana sana. Alisema akili yake ni nzima kuliko ya vijana wote waliopo, na nadhani alisema kweli, lakini alirudishwa. Mzee wa reli alimtazama akienda mpaka akapotea kwenye ngazi.

Tukabaki sita. Saa nne tuliingizwa kwa jaji.

Ukumbi ulikuwa na mbao nyeusi na madirisha marefu, na ulinuka nta ya kusugulia sakafu. Mshtakiwa alikuwa amekwisha kuketi kizimbani. Nilikuwa nimetarajia mtu wa kutisha. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, ameweka mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja daktari. Jaji alitueleza kesi kwa maneno machache. Majirani wawili, waliokuwa marafiki tangu utotoni, walichangia bomba moja la maji kwenye mashamba yao nje ya mji. Wakati wa kiangazi waligombana juu ya zamu ya maji. Mmoja alimpiga mwenzake kwa mpini wa jembe, naye akaanguka na kufa. Swali la kesi, jaji akasema, litakuja baadaye. Kwa sasa anataka kujua sisi ni akina nani.

Alituuliza mmoja mmoja, polepole, na mkalimani akiwa tayari pembeni. Je, unamjua mshtakiwa? Ulimjua marehemu, au mtu yeyote wa familia yake? Umesikia habari za kesi hii mahali popote? Mwenye bucha mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisema ameisikia sokoni.

"Ulisikia nini?" jaji akauliza.

"Kwamba huyu ndiye aliyeua, mheshimiwa. Kila mtu anajua."

"Na wewe, unaonaje?"

"Mimi niko tayari kusikiliza. Lakini ndiye aliyeua."

Watu walicheka, jaji hakucheka. Alimwambia kwa heshima kwamba ameachiliwa, na yule mwenye bucha akatoka akiwa na uso wa mtu ambaye hajui amekosea wapi.

Kisha jaji aliuliza, bila kuzunguka, kama kabila la mshtakiwa lingemzuia yeyote kati yetu kumsikiliza. Katika bonde letu swali hilo halikuwa jepesi wakati ule, na hata leo si jepesi. Aliyezungumza kwanza ni mzee wa reli.

"Mheshimiwa, reli ilituweka nyumba za mstari mmoja, kila kabila mlango wake. Treni ikichelewa sote tulitukanwa pamoja. Mimi nimezoea."

Jaji aliandika. Akamuuliza tena kama anamjua mshtakiwa au mtu wa marehemu. Mzee aligeuka akamtazama kijana kizimbani kwa makini, kama anayesoma namba ya behewa, akasema hapana, hamjui, wala jina la marehemu hajapata kulisikia.

Zamu ya mama wa Subukia ilipofika, jaji alitaka kujua kama anaweza kukaa kortini siku nyingi. "Una ng'ombe, mama. Nani atawakama?"

"Ng'ombe wana wenyewe nyumbani. Mimi nimekuja." Kisha akaomba ruhusa ya kuuliza. "Mheshimiwa, nikiona tofauti na wewe, itakuwaje?"

"Utasema unavyoona. Nitaandika. Halafu nitaamua mimi."

Mama alikaza leso yake ya kichwa. "Utaandika vile nimesema?"

"Vile vile."

"Basi ni sawa."

Mimi aliniuliza kama nimewahi kumfundisha mtoto wa nyumba zile mbili. Nilisema sijui, nimefundisha watoto wengi, wakanitajia majina na nikaona hakuna hata mmoja. Swali la mwisho ndilo lililonikamata. Aliuliza kama kuna mtu wa jamaa yangu aliyewahi kuuawa. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alipigwa kwenye ugomvi wa pombe nikiwa mdogo sana, akafa siku ya tatu. Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Nilijikuta nikilieleza mbele ya watu nisiowajua, huku karani akiandika.

"Unafikiri litakuzuia?" jaji akauliza.

"Nilikuwa mtoto, mheshimiwa. Ninachokumbuka ni mazishi, na mama akikataa kula."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri ataniachilia, na nilishangaa kuona kwamba sitaki kuachiliwa. Akageukia karatasi zake, akasoma majina matatu: mzee wa reli, mama wa Subukia, na mimi.

Lakini hata hapo haikuwa mwisho. Jaji alimwambia mshtakiwa asimame, akamwambia, "Hawa watatu ndio watakaokaa nami kusikiliza kesi yako. Watazame. Kama kuna yeyote unayempinga, sema sasa na sababu yake."

Kijana alitutazama. Alianza na mzee, akaja kwa mama, akaishia kwangu. Sijawahi kutazamwa hivyo tena maishani, na mimi nimekaa mbele ya madarasa karibu miaka arobaini. Hakuwa na hasira wala hakuomba kitu. Alikuwa anatafuta tu kama sisi ni watu. Akasema, "Sina pingamizi."

Tukaapishwa. Mzee wa reli alipoinua mkono, koti lake lilipanda na nikaona shati jeupe chini yake, limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama kama karatasi.

Siku mbili za kwanza ndizo ninazozipenda zaidi ninapozikumbuka. Tulisikiliza daktari, polisi, na jirani aliyesikia kelele. Wakati wa mapumziko tulikwenda kwenye kibanda kimoja nyuma ya korti, tukanywa chai ya maziwa na mandazi ya moto, na kwa kuwa tulikatazwa kuzungumza juu ya kesi mpaka mwisho, ilibidi tuzungumze juu ya mengine yote. Mama alitueleza jinsi kahawa inavyochanua baada ya mvua, shamba zima linakuwa jeupe asubuhi moja na kunukia mpaka barabarani. Mzee alitueleza usiku wa ukungu kule Mau Summit, alipokuwa akitambua treni kwa mngurumo wake kabla ya kuiona taa. Nilikuwa natoka kwenye nyumba ya vyumba viwili na darasa la watoto sitini, na hapo nilikuwa na watu wazima wawili waliokuwa na wakati. Sikujua kwamba nilikuwa na kiu ya jambo hilo.

"Mwalimu," mzee aliniambia siku ya pili, akitingisha kikombe ili sukari iyeyuke, "reli ilinipa amri tangu nikiwa kijana. Toa njia hii, funga njia ile. Nilifanya. Hii ndiyo mara ya kwanza serikali kuniuliza, wewe unaonaje."

Siku ya tatu aliitwa mjane wa marehemu.

Aliingia akiwa na kitambaa cheusi kichwani, mwanamke mwembamba wa umri wangu hivi. Kiongozi wa mashtaka alimwomba ataje jina lake, na jina la baba yake, na mahali alipozaliwa. Akasema alizaliwa hapa hapa Nakuru, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi wa reli. Nilihisi mzee akijikaza kando yangu. Nilifikiri ni kikohozi. Mjane akaendelea kusema jinsi alivyosikia ugomvi akiwa jikoni, na jinsi alivyokimbia na unga mikononi. Mzee aliinama akatazama sakafu. Kisha akasimama.

Jaji alimwambia, "Mzee, kaa. Shahidi hajamaliza."

Hakukaa. Kofia yake, ambayo ndani ya korti hakuivaa, alikuwa ameiinua kutoka magotini. Aliishika tu kifuani kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, naomba kusema kabla hajaendelea."

Jaji aliweka kalamu chini. "Sema."

"Mliniuliza kama namjua mtu wa marehemu. Nilijibu simjui. Lile jibu sasa si la kweli tena."

Akaeleza. Baba ya yule mwanamke alikuwa jirani yake, mlango kwa mlango, kwa miaka mingi. Huyu alikuwa kasichana kadogo kalikokuwa kakimwita baba mdogo. Alipougua homa ya uti wa mgongo, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi hospitali kwa sababu baba yake alikuwa safarini Kisumu na treni. Baadaye familia ilihamishwa, hakuwaona tena. Jina la mumewe hakulijua. Uso hakuutambua mpaka aliposikia jina la baba.

Mjane alikuwa amegeuka kumtazama. Alifungua mdomo aseme, lakini karani alimpa ishara anyamaze.

Jaji aligusa kalamu, akaiacha tena. Nadhani hakutaka kumpoteza. Sote tulikuwa tumeona jinsi alivyokuwa akisikiliza. "Mzee," akasema, "nakushukuru. Sasa nijibu kwa uaminifu. Baada ya kumjua huyu shahidi, bado unaweza kuipima kesi hii sawasawa?"

"Ningejaribu, mheshimiwa. Naamini ningejaribu kweli." Akamwelekezea kidevu kijana aliyekuwa kizimbani. "Lakini yule hatakuwa na njia ya kujua kama nilijaribu."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akasema sheria inaruhusu kesi kuendelea na wazee wawili waliobaki, na kwamba mzee ameachiliwa kwa heshima. Neno "heshima" alilirudia. Mzee alishukuru, akapita mbele yetu. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu ndani, halafu akatoka. Kiti chake kilibaki kati yangu na mama, na hapakuwa na mtu aliyekiondoa.

Wakati wa mapumziko tulimkuta kwenye benchi la koridoni. Mama alikaa karibu naye.

"Hungesema, nani angejua?" akamuuliza. Haikuwa lawama. Alitaka kujua kweli.

"Hakuna," mzee akajibu. "Nimefikiria hiyo pia. Nilifikiria nikiwa nimekaa. Ilinichukua muda, hamkuona?" Akajipangusa uso. "Nilikuwa nimeitaka sana hii kazi."

Nilikwenda nikamnunulia chai.

Tulidhani hatutamwona tena, lakini kesho yake alikuwa pale, na kesho kutwa. Alikuwa amemwuliza karani kama anaweza kumsalimu yule binti, na karani akamwambia si vizuri mpaka hukumu isomwe, mtu asije akasema shahidi amezungumzishwa. Basi akaamua kungoja. Hakuingia ukumbini. Alikaa koridoni na gazeti la juzi, na tulipotoka alitupisha nafasi kwenye benchi. Hata mara moja hakutuuliza ndani kumesemwa nini. Mjane alipopita, walitazamana tu. Alikuwa akiinamisha kichwa, naye mzee akigusa kofia.

Ushahidi uliisha wiki iliyofuata. Mshtakiwa alisema alipiga mara moja, kwa hasira, baada ya mwenzake kumkaba shingo, na kwamba aliyekimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali alikuwa yeye. Jirani aliyesikia kelele alikubali kwamba hilo la gari ni kweli. Jaji alitueleza sheria kwa Kiswahili rahisi: tofauti kati ya mtu aliyekusudia kuua na mtu aliyeua bila kukusudia. Akatuuliza mmoja mmoja, mbele ya watu wote, bila kutupa nafasi ya kwenda pembeni kupatana.

Mama wa Subukia alisimama kwanza. Alisema mshtakiwa ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Mpini wa jembe si kiboko, akasema, na mtu anayelima anajua uzito wake.

Nilikuwa nimekesha na kesi hii kichwani. Nilikuwa nimemfikiria mjomba wangu, na mtu aliyempiga, ambaye sura yake sikuwahi kuijua, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama naye alikimbia kutafuta gari. Nilisema kwa maoni yangu aliua, lakini hakukusudia. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Jaji aliniomba nirudie, nikarudia.

Hukumu ilisomwa baada ya mwezi mmoja. Wazee wa korti hatukulazimika kuja, lakini tulikuja, sote watatu. Jaji aliandika maoni ya mama, aliandika maoni yangu, kila moja neno kwa neno kama alivyoahidi, kisha akaeleza kwa nini anamwona mshtakiwa ana hatia ya kuua bila kukusudia. Alifungwa miaka sita. Kijana aliinamisha kichwa. Upande wa familia ya marehemu mtu mmoja alilia, na upande wa pili mtu mwingine akalia vile vile, na sikuweza kutofautisha vilio hivyo.

Koridoni mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mjane alitoka akiwa amezungukwa na shemeji zake. Aliwaacha akaenda moja kwa moja kwake.

"Baba mdogo," akasema.

"Umekua," mzee akamjibu. Mwanamke yule aliweka paji la uso kwenye lile koti la reli, akalia kwa sauti, na mzee akamshika kichwa huku akitazama dari. Mama wa Subukia alinivuta mkono tukashuka ngazi.

Baadaye nilisikia kwamba mzee alikuwa akienda kule shambani mara kwa mara, kumsaidia kutengeneza ua wa shamba, na mambo ya ada za watoto shuleni, na kwamba ndiye aliyekwenda kuzungumza na familia ya yule aliyefungwa ili lile bomba la maji lifunguliwe tena kwa nyumba zote mbili. Alifariki miaka mingi iliyopita. Nilikwenda kwenye ibada ya kumuaga pale Nakuru kabla mwili haujasafirishwa Kakamega. Mjane alikaa mstari wa mbele, pamoja na watoto ambao mzee aliwazaa mwenyewe.

Sheria ilibadilishwa. Nilisikia kwa redio nikiwa napika, kwamba majaji watasikiliza kesi za mauaji bila wazee wa korti. Walitoa sababu zao, na huenda ni nzuri. Kesi zilikuwa zikikwama kwa kungoja wazee watatu wapatikane. Nilipunguza moto nikasimama pale. Sijui nilihuzunikia nini hasa. Labda ni kule kuulizwa. Tangu siku ile nimejaza fomu nyingi na nimepiga kura mara nyingi, lakini sijakutana tena na mtu wa serikali aliyeniuliza polepole mimi ni nani, ninamjua nani, nimempoteza nani, kisha akangoja jibu.

Mwezi uliopita nilikwenda Subukia kumwona mama. Ana zaidi ya miaka themanini na masikio yamepungua, lakini kahawa yake bado anaikagua mwenyewe, mti kwa mti, akiwa na fimbo. Tuliketi barazani tukichambua maharagwe. Katika miaka yote hiyo hatukuwa tumewahi kuizungumzia siku tuliyotofautiana. Sijui ni kwa nini nililitaja jambo lile.

"Mama, unakumbuka ulisema alikusudia?"

"Nakumbuka."

"Bado unaona hivyo?"

Aliendelea na maharagwe mpaka nikadhani hakunisikia. "Mimi bado naona hivyo," akasema. "Na wewe?"

"Mimi bado naona alivyoona jaji."

"Jaji aliona ulivyoona wewe," akanisahihisha. "Wewe ulisema kabla yake." Akanisogezea ungo. "Haya mabovu weka kando, mwalimu. Macho yako ni mazuri kuliko yangu."